Kidole Kwenye Muundi: Kuielewa Miguu Inayojaa Maji

Shangazi yangu ni fundi cherehani, Tanga mjini. Mwaka juzi alianza kulalamika kwamba kandambili zake zimekuwa ndogo. Asubuhi zinaingia bila shida. Ikifika alasiri kamba zimezama kwenye nyama, na akizivua zinaacha mifereji miwili kwenye mgongo wa mguu. Jirani akamwambia apunguze chumvi. Mteja mmoja akamwambia ni matende, maana Tanga ni Pwani na mbu hawajahama. Ndugu yetu akamnong'oneza kwamba amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni, akamwelekeza kwa mganga. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya kukojoa. Kila mtu alimpa jibu, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Makala haya ni kwa ajili ya maswali hayo. Kuvimba miguu si ugonjwa, ni dalili. Nyuma yake panaweza kuwa na kusimama kutwa nzima, kidonge cha presha, bonge la damu, moyo uliochoka, figo inayovuja, mimba inayoelekea pabaya au minyoo ya matende. Mambo haya hayana undugu. Kinachomponya huyu kinaweza kumuua yule, na kwa macho matupu miguu yao inaweza kufanana kabisa.

Maji hayo yanatoka wapi

Damu haitembei ndani ya mabomba ya chuma. Mishipa midogo kuliko yote, ile inayoitwa kapilari, ina kuta nyembamba zinazoruhusu maji kupenya kwenda kwenye nyama na kurudi, saa zote, usiku na mchana. Mwaka 1896 mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, alieleza mvutano unaoongoza safari hiyo: msukumo wa damu unayatoa maji nje ya mshipa, na protini zilizomo ndani ya damu, hasa albumini inayotengenezwa na ini, zinayavuta yabaki ndani. Maji yanayobaki nje huokotwa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu karibu na moyo. Mishipa hiyo ni kama mitaro ya mtaani: hakuna anayeikumbuka mpaka izibe.

Basi mguu hujaa kwa njia nne. Msukumo ndani ya vena unazidi, kama moyo unaposhindwa kuipokea damu inayorudi. Au albumini inapungua, kwa sababu figo zinaimwaga kwenye mkojo, ini halitengenezi, au chakula ni duni. Au kuta za mishipa zinalegea na kuvuja, kama mahali palipoumia au penye maambukizi. Au mtaro wa limfu umeziba. Mara nyingi sababu mbili hukutana kwa mtu mmoja, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia, kwa kuwa wakishaipata moja huacha kutafuta ya pili.

Kwa nini miguu, wala si mikono? Kwa sababu tunasimama. Mtu akisimama wima bila kutikisika, damu iliyo kwenye vena za kifundo cha mguu inabebeshwa uzito wa damu yote iliyo juu yake hadi kwenye moyo, na shinikizo humo hufika karibu milimita 90 za zebaki. (Hii si ile presha inayopimwa mkononi; ni ya ndani ya vena.) Akianza kutembea, msuli wa shavu la mguu unazikamua vena kila anapokanyaga, vali zilizomo ndani yake zinaizuia damu isirudi chini, na shinikizo linashuka hadi chini ya 30. Msuli huo ni pampu kamili. Anayekaa kwenye kiti au kusimama sehemu moja saa nane, awe mlinzi, mwalimu, muuza duka au dereva, ameizima pampu yake.

Shangazi yangu alitumia cherehani cha kukanyaga kwa miaka zaidi ya ishirini. Watoto wake walipopata kazi walimnunulia cha umeme, zawadi nzuri kwelikweli. Goti na mgongo vikapumzika. Pampu ya shavu la mguu nayo ikapumzika.

Bonyeza kwanza

Kabla ya kumwambia mtu lolote, weka kidole gumba juu ya muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, kidogo juu ya kifundo. Bonyeza kwa uthabiti, hesabu polepole mpaka kumi, achia. Kukibaki shimo linalojaa taratibu, hayo ni maji chini ya ngozi. Kukiwa hakuna shimo na ngozi ni nene, ngumu, imekakamaa, huenda ni uvimbe wa muda mrefu wa mishipa ya limfu, au jambo jingine kama tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Usihukumu kwa kidole peke yake, kwani matende machanga nayo huacha shimo.

Kwa mgonjwa anayelala kitandani muda wote, usitazame miguu tu. Maji hufuata mteremko. Mgeuze umbonyeze kiunoni kwa nyuma, juu kidogo ya matako. Nimeona familia ikifurahi kwamba miguu ya babu imenywea, kumbe maji yamehamia mgongoni.

Kisha uliza. Ni mguu mmoja au yote miwili? Ulianza ghafla, kwa saa au siku chache, au umekuja polepole kwa wiki na miezi? Na nini kingine kimefuatana nao: pumzi, homa, maumivu, mkojo, mimba, dawa mpya? Majibu ya maswali haya matatu hutenganisha jambo linalosubiri hadi Jumatatu na lile lisilosubiri hata kuoga.

Mguu mmoja

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma au kuwa mzito kwenye shavu, fikiria bonge la damu lililoganda ndani ya vena ya ndani kabisa. Hatari yake haiko mguuni. Kipande cha bonge hilo kinaweza kukatika, kikapanda na damu hadi kwenye moyo na kuziba mshipa wa mapafu. Mtu huanza kuhema ghafla, kifua kinamchoma akivuta pumzi, pengine anakohoa damu au anazimia. Wengine hufa dakika hiyo hiyo.

Nitasema jambo hapa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye makala haya: usiuchue mguu huo. Kuchua ni huduma yetu ya asili, kwa mafuta ya nazi au ya karafuu, na mkono wa bibi umewapa nafuu wengi wenye uchovu na mkazo wa misuli. Sina ugomvi nao. Lakini kuuchua kwa nguvu mguu mmoja uliovimba ghafla kunaweza kulisukuma bonge lililokuwa limejishikiza. Mguu wa namna hiyo unahitaji ultrasaundi na, ikithibitika, dawa za kuzuia damu kuganda, siku hiyo hiyo.

Walio katika hatari zaidi ni waliofanyiwa upasuaji karibuni, waliovunjika mfupa na kuwekwa plasta, waliolazwa siku nyingi, wajawazito na waliojifungua ndani ya wiki chache zilizopita, wenye saratani, wanaotumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, na waliowahi kupata bonge hapo awali. Safari ndefu nayo imo. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza uwezekano huo karibu maradufu, iwe kwa ndege, basi, treni au gari, kwa sababu mtu ameketi bila kusogea. Uwezekano wenyewe bado ni mdogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000, kwa hiyo hakuna haja ya kuiogopa safari. Lakini basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza linakata kilomita zaidi ya 1,000. Linaposimama watu wachimbe dawa, shuka nawe hata kama huna haja, utembee. Ndani ya basi, inua visigino na kuvishusha mara kwa mara.

Kwa kuwa vena ziko ndani, huenda usione chochote juu ya ngozi. Pima. Futi ya fundi inatosha: kwenye kila mguu, shuka sentimita 10 kutoka kwenye ule mwinuko wa mfupa ulio chini ya goti, zungusha futi hapo. Mmoja ukiuzidi mwingine kwa zaidi ya sentimita 3, usilale nyumbani na mashaka.

Sababu nyingine kubwa ya mguu mmoja ni maambukizi ya ngozi. Mguu unakuwa wa moto, unauma, unang'aa, na mara nyingi kuna homa na baridi. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini vimeandikwa kwa ngozi nyeupe; kwenye ngozi yetu wekundu unaweza kuonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, au usionekane kabisa. Tumia mgongo wa kiganja chako: gusa mguu mmoja, gusa wa pili, linganisha joto. Kisha fungua katikati ya vidole. Mara nyingi mlango wa vijidudu ni fangasi iliyopasua ngozi hapo, kitu kidogo kisichompa mtu shughuli mpaka mguu mzima uwake moto. Hapa zinahitajika dawa za kuua bakteria kwa maelekezo ya daktari, na mwenye kisukari asingoje kesho.

Miguu yote miwili: fungua kwanza mfuko wa dawa

Nilipofika kwa shangazi nilimsalimu, nikabonyeza muundi, nikaona shimo kwenye miguu yote. Nikamwomba mfuko wake wa dawa. Ndani yake kulikuwa na amlodipini ya presha. "Ulianza lini hii, shangazi?" Akasema anaitumia miaka mitatu. "Na kipimo ni kile kile?" Akafikiri. Kumbe miezi mitano nyuma kiliongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Kandambili zilianza kubana mwezi uliofuata.

Amlodipini, na nduguye nifedipini, ni dawa nzuri na zinaokoa maisha ya maelfu ya watu wetu wenye presha. Kuvimba vifundo vya miguu ni mojawapo ya maudhi yake yanayojulikana sana, hutokea zaidi kwenye kipimo kikubwa, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Dawa hizi hulegeza mishipa inayoingiza damu kwenye kapilari, lakini haziilegezi ile inayoitoa kwa kiwango hicho hicho. Kapilari inajaa, maji yanavuja. Mwili haukuongeza maji. Yamehama tu mahali. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa alivyouziwa havikupunguza lolote zaidi ya usingizi wake, maana alikuwa akiamka usiku kucha. Daktari akishajua, anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza ya kundi jingine linalosaidia kuusawazisha msukumo huo. Asiyeruhusiwa kuamua ni mgonjwa mwenyewe akiwa nyumbani. Anayeacha dawa ya presha kwa sababu ya vifundo anabadilisha usumbufu kwa kiharusi.

Chini ya mfuko ule kulikuwa na kitu cha pili: diklofenaki, ya mgongo, aliyokuwa akiinunua mwenyewe kila wiki. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na zikitumiwa muda mrefu huumiza figo. Kwa mwenye moyo dhaifu zinaweza kumlaza hospitali. Hakuna aliyekuwa anazihesabu kama dawa, kwa sababu hazikuandikwa na daktari. Vivyo hivyo prednisoloni na deksamethazoni, ambazo watu huzinywa kwa pumu, kwa mzio, na wengine kwa kutaka kunenepa mashavu. Mashavu yale ni sehemu ya tatizo hilo hilo.

Kuhusu vidonge vya kukojoa, hasa furosemidi: ni silaha ya kweli kwa moyo ulioshindwa na figo zilizolemewa, na kwa sababu hiyohiyo havipaswi kununuliwa kama peremende. Vinatoa madini ya potasiamu pamoja na maji, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo. Vinaweza kukausha mwili, kushusha presha ghafla na kuzitesa figo, zaidi sana mtu akivichanganya na hizo dawa za maumivu.

Moyo, figo, ini

Ukishahakikisha si dawa, tazama pumzi. Moyo usiosukuma vizuri huacha damu irundikane nyuma yake, miguuni na kwenye mapafu. Mtu anachoka kwa kupanda ngazi alizozizoea. Usiku anaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, kwa kuwa akilala chali anakosa hewa. Anashtuka usingizini akitafuta dirisha. Mkojo unamwamsha, maana akilala yale maji ya miguuni yanarudi kwenye damu na kupitia figo. Uzito unapanda, na huu ndio mzani wa kweli wa maji: lita moja ni kilo moja, wala hakuna mtu anayenenepa kilo 2 kwa siku tatu kwa ugali. Mwenye ugonjwa wa moyo ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, aandike. Ongezeko kama hilo ni simu kwa daktari.

Msidhani hili ni la wazee tu. Kwetu wapo vijana ambao vali za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na maambukizi ya koo utotoni. Na wapo kina mama ambao moyo hudhoofika kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kujifungua. Mama anayehema na kuvimba miguu akiwa na kichanga huambiwa ni uchovu wa uzazi. Apimwe moyo.

Figo huanzia usoni. Kope zimevimba asubuhi, mtu anaamka kama aliyelia, na jioni maji yameshuka miguuni. Mkojo una povu jingi lisiloisha, dalili kwamba protini inamwagika. Kipimo cha mkojo kwa kijiti hugharimu kidogo na hupatikana hata kwenye vituo vidogo. Mwenye kisukari au presha akifanye mara kwa mara hata kabla miguu haijavimba. Ini likifeli, tumbo ndilo hutangulia au huongozana na miguu: tumbo limejaa, mikono na mabega yamekonda, macho yana manjano. Pombe na homa ya ini aina ya B ni visababishi vinavyojulikana. Kando ya Ziwa Victoria ongeza kichocho cha tumbo.

Mimba

Wajawazito wengi huvimba miguu, hasa miezi ya mwisho, jioni, wakati wa joto. Mwili umeongeza maji na mfuko wa uzazi unazibana vena za kiunoni. Hilo peke yake si ugonjwa. Lakini mama mwenye mimba iliyovuka wiki 20 akivimba uso na vidole hata pete ikakwama, akaumwa kichwa kisichotulia, akaona nyota au ukungu mbele ya macho, au akaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo inaweza kuwa njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikiongozana na protini kwenye mkojo, ni ishara ya kumpeleka hospitali, asisubiri siku yake ya kliniki. Hatari haiishi siku ya kujifungua; inaendelea wiki kadhaa baadaye, wakati ambao wote wanamtazama mtoto.

Na mtoto mdogo akivimba miguu yote miwili na kidole kikaacha shimo, acheni kumsifia kwamba amenenepa. Hiyo ni alama ya utapiamlo mkali, ule uitwao kwashakoo, hata kama mkono wake hauonekani mwembamba. Yeye ni mgonjwa wa leo.

Matende, na miguu ya udongo mwekundu

Yule mteja aliyetaja matende hakuwa mjinga. Kuanzia Lamu, Kilifi na Kwale hadi Tanga, Lindi na Mtwara, na Visiwani, ugonjwa huu umeishi nasi vizazi vingi. Minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu, hukaa miaka ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Watoto wake huzunguka kwenye damu usiku, na kwa hiyo kipimo cha damu cha zamani kilichukuliwa usiku wa manane. Kwa wanaume wengi ugonjwa huonekana kwanza kama busha. Tanzania ilianza kugawa kingatiba ya ivermektini na albendazoli kisiwani Mafia mwaka 2000, Zanzibar ikafuata mwaka 2001. Kenya mwaka 2018 iliongeza dawa ya tatu kwenye ugawaji wake huko Jomvu na Lamu. Dawa hizo zikipita mtaani kwenu, mezeni hata kama hamvimbi, kwani kinachovunjwa ni safari ya minyoo kutoka kwa mtu hadi kwa mbu.

Kwa aliyekwisha kuvimba, vidonge havirudishi mguu ulivyokuwa, na hapa wengi hukata tamaa mapema mno. Maumivu makali na homa zinazomrudia, pamoja na mitoki ya kinena, huletwa zaidi na bakteria wanaopenya kwenye mikunjo ya ngozi. Maji safi, sabuni, kukausha vizuri kila mkunjo, kuinua mguu, kufanya mazoezi ya kifundo na kuvaa viatu: mambo haya ya kila siku hupunguza mashambulizi hayo, na mguu huacha kuongezeka. Busha hufanyiwa upasuaji likapona.

Nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Uganda na baadhi ya sehemu za Kenya magharibi kuna miguu inayofanana na ya matende bila minyoo wala mbu. Chembechembe za udongo mwekundu wa volkeno hupenya kwenye nyayo za wanaolima peku miaka mingi na kuharibu mishipa ya limfu. Mwaka 2015 wataalamu walichunguza watu waliovimba miguu wilayani Kamwenge, Uganda, wakakuta ni ugonjwa huo. Hauambukizi. Mtu anayetengwa na majirani kwa miguu hiyo anaonewa bure. Anachohitaji ni viatu, maji na sabuni.

Nyumbani, baada ya kujua sababu

Anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ukihesabu yote: ya pembeni ya sahani, ya mkate, ya vile vipande vya kukolezea mchuzi, ya ng'onda na papa mkavu, ya achari. Kwetu Pwani kijiko hicho huisha kabla ya adhuhuri. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga hufidia sana. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Maji ya kunywa usiyapunguze kwa kujiamulia, kwani kiu haikaushi miguu. Wenye moyo ulioshindwa au figo zilizofeli ndio hupewa kipimo cha maji na daktari wao.

Kuweka miguu juu ya kigoda ukiwa umeketi hakutoshi. Lala, weka mito chini ya miguu hadi iwe juu kuliko kifua, dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa siku kama kazi inaruhusu. Ila anayekosa hewa akilala asilazimishwe. Huyo anahitaji hospitali kuliko mito. Soksi za kubana husaidia sana wenye vena zilizolegea, wale wenye mishipa iliyojisokota na weusi juu ya kifundo unaoweza kugeuka kidonda ndugu. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, zivuliwe usiku. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara wa miaka mingi, au mwenye nyayo baridi apimwe kwanza mapigo ya mguuni, kwa maana soksi hizo zinaweza kuunyima mguu damu kidogo iliyobaki.

Ngozi iliyovutwa na maji hupasuka kirahisi. Ioshe, ikaushe, ipake mafuta. Usikubali kuchanjwa chale kwenye mguu uliovimba. Kila chale ni mlango. Wala usiloweke kwenye maji ya moto miguu yenye ganzi ya kisukari, maana nyama inaweza kuiva bila mwenyewe kujua. Na kuhusu kutegewa mlangoni, sikumbishia shangazi wala sikumcheka aliyemwambia. Nilimwomba tu aende hospitali kwanza, na mengine yafuate.

Alipokwenda alibeba mfuko mzima wa dawa, pamoja na diklofenaki na kopo la mitishamba. Alipimwa presha, mkojo, damu ya figo na albumini, akasikilizwa moyo. Vyote vilikuwa salama. Amlodipini ikarudishwa kwenye miligramu 5, ikaongezwa dawa nyingine, na ya maumivu ikasimamishwa. Wiki tatu baadaye kamba za kandambili zilikuwa zimeacha kuchora.

Cherehani cha umeme bado anacho, lakini kile cha zamani amekirudisha pembeni ya dirisha. Nguo za kupinda pindo anazishona humo, anakanyaga. Na katika daftari lake la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho una safu mbili bila jina, kulia na kushoto, sentimita 34 na 34, zimeandikwa kila Jumapili jioni.